Mfuko mmoja, madirisha sita: kisa cha familia iliyokuwa ikiamua itumie kiasi gani kwa mapazia

Mume na mke waliokuwa wamehamia nyumba yao wenyewe, pamoja na watoto wao wawili, waliniita niwapimie madirisha. Kitambaa walikuwa wameshakichagua na fedha walikuwa wameshazitenga. Kwa maelezo yao, kazi iliyobaki ilikuwa mimi kuja na futikamba na kuwatajia siku ya kufunga. Nilipomaliza kupima ilibidi mpango wote uanze upya. Fedha hazikuwa kidogo. Zilikuwa zimepangwa kwa kufuata bei ya mita moja ya kitambaa, na bei hiyo peke yake haimwambii mtu pazia litamgharimu kiasi gani.

Nakieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa nakutana nacho kila mara, kwa wenye nacho na kwa wanaojibana. Sitataja fedha ya nchi yoyote. Mfuko wao mzima nitauita mafungu 100, na fungu moja ni bei ya mita moja ya kitambaa cha kawaida kisicho na maua, cha jora lenye upana wa sentimita 140. Msomaji aweke fedha yake mahali pa fungu, hesabu itakwenda vilevile.

Nyumba yenyewe

Madirisha yalikuwa sita. Sebuleni mawili: kubwa lenye fremu ya sentimita 200 kwa upana, linalotazama magharibi na njia ya wapita kwa miguu, na dogo la sentimita 100 upande wa pili. Chumba cha wazazi kilikuwa na dirisha moja la sentimita 150, linalotazama mashariki. Chumba cha watoto na cha wageni, kila kimoja dirisha la sentimita 120. La mwisho lilikuwa la jikoni, dogo, pembeni ya jiko la kupikia.

Jambo moja halikutajwa mpaka nilipouliza nani analala wapi na saa ngapi. Mke anafanya kazi ya zamu za usiku. Anarudi alfajiri, na anapojilaza jua ndiyo kwanza linachomoza, tena linachomoza kwenye dirisha lake. Kwa siku nyingi za mwezi usingizi wake ni wa mchana. Katika mpango wao wa kwanza dirisha hilo lilikuwa limepewa kitambaa kilekile cha sebuleni, bila bitana, yaani kitambaa cha pili kinachoshonwa nyuma ya pazia, kwa sababu "chumbani hakuna mgeni anayeingia".

Mpango wa mume

Mume alikuwa amependa kitambaa kimoja chenye maua makubwa, kizito kiasi, na kweli kilikuwa kizuri. Bei yake ilikuwa mafungu 2 kwa mita. Alitaka nyumba nzima ivae hicho, isipokuwa jikoni.

"Fundi, mita kumi na nne zinatosha nyumba nzima, si ndiyo?"

Nikamuuliza, "Baba, hizo kumi na nne umezipataje?"

Alikuwa amejumlisha upana wa fremu tano: 200, 100, 150, 120 na 120, jumla sentimita 690. Alikuwa amesikia kwamba pazia linahitaji kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, akazidisha, akapata kama mita 14. Kwa mafungu 2 kila mita, kitambaa kingemgharimu mafungu 28, na yeye akaona bado ana 72 mfukoni za kufanyia makubwa.

Hesabu hiyo ina mantiki yake, na watu wengi huipiga hivyo. Kasoro yake inaonekana mtu akishalishika jora lenyewe mkononi. Jora lina upana wa sentimita 140. Pazia linalofika sakafuni kwenye nyumba hii linahitaji kushuka sentimita 240. Kwa hiyo kitambaa hakiwezi kulazwa kwa ubavu. Lazima kikatwe vipande vinavyosimama, kila kimoja kirefu kama pazia, kisha viunganishwe ubavu kwa ubavu. Unaponunua mita, unanunua urefu wa vipande hivyo. Upana wa dirisha unakwambia tu unahitaji vipande vingapi.

Tuchukue dirisha kubwa la sebule. Fremu ni sentimita 200, lakini fimbo haifungwi kwa kipimo cha fremu. Nairefusha sentimita 20 kila upande, ili pazia likifunguliwa likae ukutani na lisile kioo. Fimbo inakuwa sentimita 240. Ukitaka marinda ya kutosha unahitaji kitambaa mara mbili ya fimbo, yaani sentimita 480. Gawanya kwa 140 unapata vipande vitatu na ushei, na kwa kuwa ushei hauuzwi, unachukua vinne. Kila kipande kina sentimita 240 za kushuka, 10 za kukunja juu na 20 za pindo la chini, jumla 270. Vinne vinakula mita 10.8. Hilo ni dirisha moja tu, na kitambaa bado ni kile kisicho na maua.

Maua yana gharama yake. Kwenye kitambaa alichokipenda, kutoka ua moja hadi ua linalofuata linalofanana nalo kulikuwa na sentimita 64. Ili maua yakutane kwenye mshono, kila kipande lazima kianze pale kilipoanzia chenzake, kwa hiyo urefu wa kukata unapanda hadi kufikia idadi kamili ya maua. Sentimita 270 ni maua manne na zaidi kidogo, basi unalipia matano: sentimita 320. Vipande vinne sasa vinakula mita 12.8. Mita mbili nzima zimekwenda kwenye mabaki, na umezilipia bei ileile ya kitambaa kilichoning'inia.

Nilipopiga hesabu hiyo kwa nyumba nzima, huku madirisha ya watoto na wageni nikiyahesabia mapazia mafupi, nilipata mita 36 na nusu. Mafungu 73, kitambaa peke yake. Ukiongeza ushonaji, fimbo na ufungaji, yapata mafungu mengine 43, mfuko ulikuwa umepitwa kwa mafungu 16. Na hapo hakuna bitana hata moja, wala pazia jepesi la kuzuia macho ya wapita njia mchana.

Mume alinyamaza, kisha akasema tupunguze marinda. Kila mara fedha zinapobana, mtu wa kwanza kupendekeza jambo hilo ni mwenye kitambaa kizuri. Nilikataa, na ningekataa tena. Pazia lililobana, la mara moja na robo ya fimbo, likifungwa linatanuka kama shuka iliyovutwa. Maua yale aliyoyapenda yangeonekana yamekwama, na pale katikati mapazia mawili yanapokutana pangebaki ufa wa mwanga. Mara moja na nusu ndiyo ninayoiona chini kabisa, na mara mbili ndiyo ya kawaida. Kitambaa cha bei ndogo chenye marinda ya kutosha kinapendeza kuliko cha bei kubwa kilichobana, na huo si ukarimu wa maneno, mtu anauona akisimama mlangoni.

Mpango wa mke

Mke alikuwa na njia nyingine: gawa 100 kwa sita, kila dirisha lipate mafungu 16 na kidogo, na kila dirisha likae ndani ya mgawo wake. "Baba watoto, hivi hatutagombana," alisema. Ni njia ya haki, na ina faida moja kubwa ya kumzuia mtu asimalize fedha zote sebuleni.

Ila madirisha hayana kazi sawa. La jikoni lingepewa mafungu 16 wakati kitambaa pale ni hatari. Pazia linalopeperuka karibu na moto halifai kuwekwa kwa bei yoyote. La wageni lingepewa sawa na la chumba ambacho mtu anategemea kulala mchana ili afanye kazi usiku. Haki ya kugawa sawasawa ingemnyima yeye mwenyewe aliyeipendekeza.

Hapo nikawaomba tuache kitambaa na mfuko kwa muda, tutembee dirisha kwa dirisha tukiuliza swali moja: pazia hili litafanya kazi gani, mara ngapi kwa wiki? Tuliandika kwenye karatasi. La wazazi: giza, karibu kila siku. La sebule kubwa: macho ya wapita njia mchana, jua la magharibi alasiri, na kupendeza. La sebule dogo: kupendeza, kulingana na kubwa. La watoto: giza la wastani usiku, lifulike kwa urahisi. La wageni: lifungwe mgeni akija. La jikoni: hakuna.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoamua. Nilichofanya baada ya hapo kilikuwa hesabu tu.

Chumba cha wazazi kikaenda mbele

Mume alishangaa nilipoanzia chumbani, kwa kuwa watu wengi hunyoosha mkono sebuleni kwanza na chumba kikapata kilichobaki. Lakini hapa kulikuwa na kazi moja ambayo pazia baya lingeiharibu kabisa. Sebule yenye pazia la wastani bado ni sebule. Chumba chenye pazia linalovuja mwanga, kwa mtu wa zamu ya usiku, ni usingizi uliokatika saa tatu asubuhi, kila asubuhi.

Giza halinunuliwi kwa kitambaa kizito peke yake. Tulishika kipande cha kile cha maua, nikawasha tochi ya simu nyuma yake, na nuru ikapenya kwenye kila uzi mweupe wa maua. Kitambaa kinene kinapunguza mwanga. Kinachouzuia ni bitana maalumu, iliyopakwa matabaka mgongoni, na tochi ileile nyuma yake haionekani kabisa. Bitana hiyo ina tabia moja ambayo mnunuzi haambiwi: sindano ikipita, tundu halizibi. Mshono mrefu wa kuunganisha vipande viwili unageuka mstari wa nukta za mwanga kutoka juu hadi chini. Ndiyo maana kwa chumba hiki nilitaka jora pana, la sentimita 280, ili kila pazia liwe kipande kimoja kisicho na mshono katikati.

Sehemu ya pili ya giza ni pembeni. Fimbo ya kawaida inakaa mbali kidogo na ukuta, na mwanga unaingia kwa ubavu kati ya pazia na ukuta. Tulichagua fimbo inayopinda kwenye ncha na kugusa ukuta, ili pazia lizunguke. Fimbo iliyonyooka ingekuwa sentimita 200, maana hapa niliirefusha 25 kila upande wa fremu. Na mapindo ya sentimita 10 kila upande inakuwa 220. Mara mbili ni 440, ongeza 20 za kukunja kingo, unapata mita 4.6. Kwa jora pana la mafungu 2 kwa mita, kitambaa ni mafungu 9.2, na bitana iliyouzwa bei hiyohiyo ni 9.2 nyingine. Ushonaji mafungu 8, kwa kuwa ni mapazia mawili ndani ya moja. Fimbo, vishikizo na ufungaji mafungu 8; matabaka hayo mawili pamoja yana uzito unaopita kilo 6, na ukuta lazima ushike. Jumla mafungu 34.4.

Zaidi ya theluthi moja ya mfuko mzima, kwa dirisha moja, ndani ya chumba kisichoingia mgeni. Mke ndiye aliyesita. Alisema anaona aibu kujitengea kiasi hicho wakati sebule bado. Mume akamjibu kwamba yeye ndiye anayemwona akiamka kabla ya wakati, na mjadala ukaishia hapo. Mimi upande wangu niliongeza jambo moja: mgongo wa bitana ile ni mweupe na unatazama kioo, kwa hiyo unarudisha jua la asubuhi kabla halijakipasha chumba. Idara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba mapazia ya rangi ya wastani yenye mgongo mweupe wa plastiki yanaweza kupunguza joto linaloingia kwa asilimia 33. Kwa anayelala mchana, hilo nalo ni sehemu ya usingizi.

Sebule, na ubishi wa upana wa jora

Sebuleni ndipo nilipotaka waone jinsi bei ya mita inavyoweza kumpoteza mtu. Kulikuwa na kitambaa cha poliesta cha rangi moja, kizuri mkononi, cha jora la sentimita 280, nacho kikiuzwa mafungu 2 kwa mita. Bei ileile kabisa ya kile cha maua.

Jora la sentimita 280 linaweza kulazwa kwa ubavu. Upana wake unakuwa urefu wa pazia, na pazia letu linahitaji 270, kwa hiyo linaingia likibakiza sentimita 10. Sasa mita unazonunua ni za upana wa pazia peke yake. Dirisha kubwa: fimbo 240, mara mbili 480, na 20 za kingo, jumla mita 5. Dirisha dogo: fimbo 140, mara mbili 280, na kingo, mita 3. Sebule yote mita 8, mafungu 16.

Kwa kile cha maua, sebule hiyohiyo ilikuwa inataka mita 19.2, mafungu 38.4. Bei ya mita sawa, marinda karibu sawa, na gharama zaidi ya mara mbili. Mume alichukua karatasi akairudia hesabu mwenyewe, na nilifurahi aliporudia, kwa sababu jambo hili mtu haliamini mpaka alipige kwa mkono wake.

Ujanja huu una masharti. Unafaa kwa kitambaa kisicho na maua yanayosimama, maana ukikilaza, nayo yanalala. Mahameli pia haipendi kugeuzwa ovyo, kwa kuwa manyoya yake yana uelekeo na rangi hubadilika ukiitazama toka upande mwingine. Na dari ikiwa juu sana, pazia likahitaji zaidi ya sentimita 280 pamoja na mapindo, basi umerudi kwenye vipande.

Fedha tulizookoa hapo ndizo zilizonunua mapazia mepesi ya ndani, yale yanayopitisha mwanga. Bila hayo, familia ingelazimika kuchagua mchana kutwa kati ya kukaa gizani na kuonekana na kila anayepita. Kitambaa chepesi kinataka marinda mengi zaidi, mara 2.5 hadi 3, la sivyo kinaonekana kama kimesahauliwa pale. Tulichukua mara 2.5: mita 6 kwa dirisha kubwa na 3.5 kwa dogo, kwa fungu moja kila mita. Ikumbukwe kwamba mapazia haya yanaficha mchana tu. Usiku taa ikiwaka ndani mambo yanageuka, na hapo ndipo lile zito linapofungwa.

Sebule yote, matabaka mawili kwa madirisha mawili: vitambaa mafungu 25.5, ushonaji 11.5, fimbo za mistari miwili na ufungaji 10. Jumla 47. Kwenye fimbo ile ya sentimita 240 niliweka kishikizo cha tatu katikati, kwa kuwa fimbo ndefu iliyoshikwa ncha tu hubonyea, na ikishabonyea mapazia yote yanateleza kuelekea katikati. Kishikizo kimoja cha ziada ni fedha ndogo ambayo sijawahi kuona sababu ya kuibana.

Mume aliuliza kama poliesta haishushi hadhi ya sebule, akifikiria kitani au hariri. Nilimpa jibu la dirisha lake. Dirisha la magharibi linapigwa na jua kila alasiri, na kioo cha kawaida hakizuii sehemu kubwa ya miale inayopausha rangi. Hariri iliyowekwa hapo bila bitana hudhoofika mpaka inachanika kwenye mikunjo. Kitani ni kizuri sana, ila kinakunjamana na urefu wake hucheza na unyevu wa hewa, leo kinagusa sakafu na kesho kimepanda. Poliesta iliyofumwa vizuri inavumilia jua, haisinyai sana na haidai pasi kila inapofuliwa. Kwa dirisha lisilopigwa na jua, ningeweza kumshauri vingine.

Watoto, wageni, jikoni

Chumba cha watoto kilipata mapazia mafupi yanayoishia chini kidogo ya dirisha, kwa kuwa meza ya kusomea iko hapohapo na pazia refu lingekuwa linakanyagwa na kuvutwa. Walitaka pamba iliyochanganywa, nami nikapendekeza tuijaribu kwanza. Tulikata mraba wa sentimita 50 kwa 50, ukafuliwa kama watakavyofua kila siku, ukakauka, tukaupima: ulirudi 48. Hiyo ni asilimia 4, na kwenye pazia la sentimita 150 ni sentimita 6 zinazotoweka kwenye ufuaji wa kwanza. Basi badala ya mita 3.6 walinunua 4, zikafuliwa zote kabla ya mkasi. Mafungu 4 ya kitambaa, 2 ya ushonaji, 3 ya fimbo. Tisa. Tulikataa aina yoyote yenye kamba za kuvutia zinazoning'inia, kwa kuwa kamba ya dirishani inaweza kumnyonga mtoto mdogo.

Wageni walipewa mapazia ya nyumba ya zamani, yakapunguzwa na kushonwa upya: mafungu 2 ya kazi na 2 ya fimbo.

Jikoni pakaachwa wazi.

Hesabu ilipofungwa

Thelathini na nne na ushei chumbani, 47 sebuleni, 9 kwa watoto, 4 kwa wageni: jumla mafungu 94.4. Yaliyobaki niliwaomba wasiyaguse mpaka mapazia yawe yametundikwa na kukaa wiki chache. Mapindo hushuka kidogo kitambaa kikizoea uzito wake, ukuta mmoja huwa una plasta dhaifu, na mara zote kuna kitu cha kurudia. Kuingia kwenye kazi hii na mfuko uliofika sifuri siku ya kukata kitambaa ni kujitafutia pazia moja lililokaa vibaya kwa miaka.

Kitambaa cha maua hakikupotea. Mume alinunua mita 1.3, maua mawili kamili, kwa fedha yake nje ya mfuko wa mapazia, nikamshonea foronya za mito ya makochi. Pale maua yale yanaonekana vizuri kuliko ambavyo yangeonekana yakiwa yamekunjwa kwenye marinda, kwa maoni yangu.

Aliniuliza pia, kabla hatujaagiza, ningefanyaje kama mfuko ungekuwa mafungu 60. Ni swali zuri, kwa sababu linaonyesha nini kinakatwa kwanza. Ningekiacha chumba cha wazazi kama kilivyo, 34.4. Sebuleni ningeweka mapazia mepesi peke yake kwenye fimbo zilezile za mistari miwili, ule mmoja ukisubiri: vitambaa 9.5, ushonaji 3.5, fimbo 10, jumla 23. Hapo tuko 57.4. Watoto wangechukua mapazia ya zamani na fimbo yao ya zamani, na chumba cha wageni kingesubiri. Marinda yasingepunguzwa popote. Kuliko mapazia sita yaliyobana, ni afadhali matatu yaliyojaa na madirisha mengine yakae wazi kwa miezi kadhaa.

Na kama ungekuwa 150? Ningeongeza bitana ya kawaida nyuma ya mapazia ya sebule, mita 8 kwa fungu moja na kazi yake kama 4, ili jua la magharibi lipaushe bitana badala ya kitambaa, maana bitana hubadilishwa peke yake kwa gharama ndogo. Mafungu 12. Zaidi ya hapo nisingekuwa na cha kuwauzia ambacho madirisha yale yanakihitaji, na ningewaambia hivyo.

Kazi ilianzia kwenye fimbo. Zote zilifungwa kwanza, zikakazwa, ndipo nikapima upya kutoka kwenye ringi hadi sakafuni, upande wa kushoto, katikati na kulia. Kwenye dirisha kubwa sakafu ilikuwa imepishana sentimita 1.5 kutoka pembe hadi pembe. Nilikata kwa kipimo cha upande uliokuwa mfupi zaidi, nikaacha pindo la sentimita 20 bila kulipunguza, liwepo wakihama au wakibadilisha sakafu.